Vidole Kumi vya Mwape

Kambove, tarehe 27 Agosti 2023

Yaya Jeanne,

Salamu nyingi, dada yangu mkubwa, kutoka huku kwetu. Sisi wazima, ukiondoa kikohozi cha vumbi ambacho hapa hatukihesabu tena kuwa ugonjwa. Hénoc bado yuko Kolwezi kwenye mashimo ya madini. Tangu Pasaka hajatuma hata neno, na mimi nimeacha kuwauliza madereva kama wamemwona mume wangu. Kaburi la mama tumelifyeka. Simu yangu ilianguka ndani ya beseni la kuoshea mawe, ikafa palepale, kwa hiyo itabidi usome mwandiko wangu. Cheka, lakini soma.

Anayekuletea barua ni Dédé, yule dereva wa lori la makala ya kupikia, na kando yake amekaa Mwape mwanangu. Yaya, nimemtoa. Siku ya matanga ya mama ulisema mbele ya watu wote kwamba mtoto wangu akifika miaka mitano nimlete, utamwingiza maternelle, shule ya watoto wadogo, pamoja na Abigaïl wako, atakuwa mtoto wako. Amefika mitano mwezi uliopita. Mwakani atakuwa na sita, na shule nzuri hazichukui kwenye première, darasa la kwanza, mtoto ambaye hakupita maternelle, wewe mwenyewe ndiwe uliyeniambia. Ni mwaka huu tu. Hapa maternelle ni moja, ya watoto wa maajenti, waajiriwa wa kampuni ya madini, ina ukuta na mlinzi. Mwape anaijua bembea yake kwa kuichungulia kwenye tundu.

Usifikiri nakuletea mjinga. Tangu anatambaa yuko nami mtoni, tunaosha mawe ya shaba pamoja. Ukimpa jiwe analipima mkononi mara moja, anakwambia hili la kuuza, hili la kutupa, na hakosei. Wanunuzi wakiwa na mizani yao ya wizi hawapendi kumwona karibu. Nimemfungia vijiwe vyake kumi na viwili kwenye kitambaa. Mwache acheze navyo, hana mwanasesere mwingine.

Umwambie mwalimu jambo moja. Kile kidole cha shahada cha mkono wa kuume, kilichopondwa na nyundo yangu, kimebaki nusu. Anatumia mkono wa kushoto, wasimlazimishe. Mwenyewe anakiita Kadogo, na kila mgeni lazima amsalimie Kadogo kwanza. Siku ile alikuwa ananyoosha mkono kuniletea jiwe jingine. Bado naiona kila nikiinua nyundo, na kuinua nyundo ndiyo kazi yangu.

Akilala anashika sikio la mtu. Mpe lako.

Mdogo wako,
Chisanga

* * *

Lubumbashi, tarehe 24 Septemba 2023

Mdogo wangu Chisanga,

Mungu asifiwe kwa kutulinda sote. Huku hatujambo. Pierre amepewa ofisi mpya pale kampasi ya Kasapa, ofisi yenye dirisha, na sasa lazima mashati yake yapigwe pasi kila siku. Fils ameota meno mawili, hashikiki. Abigaïl ameanza mwaka wa tatu wa maternelle, tayari anasema shairi la Kifaransa mpaka mwisho bila kusita. Wageni wanashangaa.

Mwape alifika salama, isipokuwa kichwa chake. Nilimnyoa siku ileile. Vile vijiwe nilivitupa, usikasirike. Sisi tuna carrelage sebuleni, vigae vya kung'aa, na watu wanasema mawe ya huko kwenu yana sumu. Alilia siku mbili, halafu akanyamaza. Watoto hunyamaza.

Upande wa shule, tulia. Nilimpeleka akaonwa, na mambo yako kwenye njia yake. Madame directrice, mkuu wa shule, ni mtu wa maana sana, alisoma Ulaya. Maternelle za siku hizi si kama ile gardienne ya watoto wa wafanyakazi wa reli tuliyosoma, mambo yamebadilika, ni vigumu kukueleza kwa barua.

Mwandiko wako umenifurahisha. Unapanda herufi kama mtu anayepanda mihogo, lakini kwa mtu aliyeishia mwaka wa tatu, si vibaya.

Yaya wako,
Jeanne

* * *

Kambove, tarehe 12 Novemba 2023

Yaya Jeanne,

Hongera kwa shemeji Pierre na dirisha lake. Sisi mvua imeanza, mto umejaa, na tunaoshea mawe maji yakiwa kiunoni. Nilikuwa na homa, imepita. Anaclet, katekista wetu, amenunua simu, na ni mtu mwema, hakatai kuazima.

Kwa simu hiyo nilikupigia mara mbili ili nisikie sauti ya mtoto. Mara ya kwanza ulisema amelala. Ilikuwa saa nane mchana. Mara ya pili ulisema yuko shule, na ilikuwa Jumapili, hata kengele ya misa nilikuwa naisikia upande wako ukiwa unasema. Labda nimechanganya siku. Maji ya baridi yanaingia mpaka kichwani.

Umeandika "gardienne tuliyosoma". Uliyosoma wewe, yaya. Ulikuwa na miaka minne, papa anakupakia kwenye baiskeli kila asubuhi, na huko wanakupa kikombe cha maziwa na penseli za rangi. Ulirudi nyumbani unaimba, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama. Zamu yangu ilipofika reli ilikuwa hailipi tena watu, gardienne ikafungwa. Nilianza shule nina miaka tisa, kwenye benchi moja na watoto walionifika kiunoni, na mwalimu akaniita nkambo, kama vile mimi ni bibi yao. Nilivumilia miaka mitatu nikaacha. Sikulaumu, hukuifunga wewe. Nakukumbusha tu kwa nini Mwape yuko kwako.

Sasa naomba kitu kidogo. Nitumie karatasi yake moja, hata ikiwa amechora mistari iliyopinda. Nitaibandika juu ya kitanda.

Na kidole, kinamuuma kwenye baridi hii ya mvua?

Chisanga

* * *

Kambove, tarehe 21 Januari 2024

Yaya Jeanne,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Pierre na kwa watoto. Sisi Noeli tulikula bukari ya unga wa mahindi na samaki mkavu, tukamshukuru Mungu.

Dédé amepita kwako mara tatu, na mara tatu amerudi mikono mitupu. Anasema mara ya mwisho alimwona Mwape getini amembeba Fils mgongoni, na ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Nimemwambia amefananisha, atakuwa mtoto wa jirani. Tumegombana kwa ajili hiyo.

Karatasi, yaya. Moja tu.

Chisanga

* * *

Lubumbashi, tarehe 10 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Unisamehe kwa kuchelewa. Malaria ilitupitia sote mmoja baada ya mwingine, halafu ukaja mwezi wa wanawake na shughuli zake. Pierre alininunulia kitenge kizuri cha maandamano, na mshonaji akakiharibu mabegani. Fils sasa anatembea na anavunja kila kitu. Abigaïl amechaguliwa kumkabidhi directrice maua.

Dédé ni mtu wa pombe, usijaze masikio yako maneno yake. Na hata kama Mwape atambeba Fils dakika mbili, si ndugu yake? Au watoto wa Kambove hawabebi wadogo zao?

Haya, karatasi yako ndiyo hii. Siku ya wanawake, watoto wote wa maternelle walichovya mikono yao miwili kwenye rangi, wakaigandamiza kwenye karatasi kwa ajili ya mama zao. Yale maneno chini yameandikwa na mwalimu, "Bonne fête maman". Hii ni ya Mwape. Madame alisema imetoka vizuri kuliko zote.

Sasa umefurahi?

Yaya wako,
Jeanne

* * *

Kambove, tarehe 24 Machi 2024

Yaya Jeanne,

Natumaini malaria imewaacha. Huku mvua zinaelekea kwisha. Mwenzetu mmoja wa mtoni amejifungua mapacha, wote wazima.

Karatasi niliipata Jumatatu. Niliibandika juu ya kitanda kwa bukari ya moto, halafu nikaita watu. Wanawake wote wa mtoni walikuja, na miguu yao ya matope, wakasimama wakaitazama. Anaclet akatusomea Kifaransa, sikukuu njema mama. Mmoja akaniambia, "Chisanga, we umeponaka. Mutoto yako ameshatoka mu mawe." Nililia mbele yao wala sikuona haya. Siku nne, yaya, nilifanya kazi bila kusikia mgongo.

Siku ya tano niliamka kabla ya jogoo, nikawa nimelala tu naitazama. Nikahesabu. Sijui kwa nini sikuhesabu siku ya kwanza, nadhani furaha ilinifumba macho. Nimehesabu mara tatu. Ni vidole kumi, vizima vyote, mpaka kwenye kucha.

Mwanangu ana tisa na nusu. Ile nusu nyingine niliizika mwenyewe nyuma ya nyumba.

Hii ni mikono ya Abigaïl. Mikono ya Mwape iko wapi, yaya? Inafanya kazi gani?

Chisanga

* * *

Lubumbashi, tarehe 21 Aprili 2024

Chisanga,

Sisi wazima. Pierre anakusalimu. Fils alikuwa na kuhara, amepona.

Umehesabu mpaka kumi. Basi ile miaka mitatu yako ya shule haikupotea bure.

Kwa kuwa unataka kujua, nitakwambia, halafu utajua uliniletea nini. Septemba nilimpeleka, tena nilimvalisha gauni la Abigaïl la mwaka jana. Directrice akampangia mezani kadi za rangi, akamuuliza kwa Kifaransa hii ni rangi gani. Akamuuliza tena kwa Kiswahili. Mwape akachukua ile kadi ya kijani, akaipima mkononi kama jiwe, akasema, "Ii ni malakiti, lakini ni ya bongo, haiko ya kweli, iko mwepesi." Nyekundu akaisukuma pembeni: "Ii ni budongo, bantu banaitupaka." Nyeusi akaishika kwa mikono miwili: "Ii ni cobalt. Munauzishaka wapi?" Walimu walicheka mpaka wakafuta machozi. Halafu akamnyooshea directrice kile kidole, ati amsalimie Kadogo. Yule mama aliruka na kiti chake.

Directrice akanigeukia. "Huyu ni mutoto ya nani?" Na mimi nikajibu, "Ni mutoto ya mwanamuke anatufuliaka nguo."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lakini lilikwisha kutoka, na directrice akalikubali mara moja, hata hakushangaa. Akasema, "Haiko prêt, haiko tayari. Mumuweke na ba miaka tatu, mwaka ingine tutaona." Ningefanya nini? Nimlete kila asubuhi, akaniite mama mkubwa mbele ya walimu walewale? Nilimfundisha kuniita tantine, kama watoto wasio wa nyumbani, ili tu mambo yasiharibike, halafu nikasema tungoje kidogo. Kungoja kukawa mwaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Wala hateseki. Anakula mara tatu, amenenepa. Analala na Fils, sikio la kushika analo. Asubuhi anambeba Fils tunamsindikiza Abigaïl mpaka mlangoni mwa maternelle, kwa hiyo shule anaiona kila siku, na karibu zaidi kuliko kupitia tundu la ukuta.

Nilikutumia ile karatasi kwa sababu ulikuwa unalia karatasi, karatasi. Nilikupa siku nne za furaha, umesema mwenyewe. Ungeacha kuhesabu ungekuwa nazo mpaka leo.

Na usiniandikie tena kuhusu gardienne ya reli. Mimi papa alinipakia kwenye baiskeli, sikujipakia. Mtu akinyanyuliwa haulizi nani amebaki chini. Kama kuna aliyemharibia mtoto huyu mwanzo wake, basi mwenye nyundo si mimi.

Jeanne

* * *

Kambove, tarehe 2 Juni 2024

Yaya Jeanne,

Salamu. Sisi wazima, wawili sasa. Baridi imeingia.

Barua yako niliisoma peke yangu. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba najua kusoma, ili Anaclet asiisome. Ile habari ya nyundo, umeshinda. Hakuna mtu ambaye angeweza kuniambia hivyo isipokuwa wewe, maana ni kwako tu nililia kwa ajili ya kidole kile. Wengine niliwaambia ni ajali, bila kutaja nyundo.

Umesikia kwa Pierre jinsi nilivyokuja. Ulikuwa kwenye mkutano wa wazazi wa maternelle. Pierre alinifungulia geti, akatazama viatu vyangu, akaingia ndani akaleta mfuko wa nguo za Mwape ambao ulikuwa umekwisha kufungwa. Nafikiri aliona haya, na kama ni hivyo mpe salamu zangu.

Mwape alikuwa uani, Fils mgongoni. Nilimwita. Alinitambua, uso wake wote ulinitambua, lakini hakunikimbilia. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, ngoja. Nimulaze Fils kwanza." Akaingia, akamlaza, akamfunika, akarudi, akafunga mlango taratibu asimwamshe. Ndipo akanikumbatia. Ana miaka mitano, yaya, na alimaliza kazi yake kwanza.

Nimempeleka kwa mkuu wa shule ya msingi hapa. Amesema Septemba atamchukua, watoto ni themanini na watano darasani, atakaa nyuma. Akampa penseli amjaribu. Mwape aliishika kama unavyoshika mtoto mchanga, kwa mikono yote, akaogopa kuiinamisha. Mkuu akaandika kitu kwenye daftari lake na hakunionyesha.

Sasa nisikilize, nitafika kwenye shida yangu. Nilitaka nikutumie karatasi na mimi. Rangi hatuna, lakini matope ya kijani ya mawe tunayo beseni zima. Nikamwambia, weka mikono tumtumie mama mkubwa. Akachovya wa kushoto, akaugandamiza vizuri. Wa kuume akauingiza chini ya nguo.

Nikasema, na huo.

"Ile hapana. Inaogopeshaka bantu. Tantine anasemaka bageni bakikuya niifiche."

Nikamuuliza, na Kadogo je, hasalimii watu? Akanitazama kama anayemwonea mtu mzima huruma. "Mama, usiitaye ile jina."

Akanieleza yote. Siku ile Abigaïl alirudi na karatasi na rangi ili amalizie nyumbani, na yeye akaomba achovye, amtumie mama yake. Ukamwambia mikono yake itachafua karatasi ya watu. Abigaïl akachovya mara ya pili, kwa niaba yake. Mwape ndiye aliyeshika karatasi isiteleze.

Ulisema hakupata kusoma kwako. Amesoma. Nilipokupa mtoto alikuwa anaunyoosha mkono ule kwa kila aliyepita, kwa wanunuzi, kwa askari, kwa padre. Umemfundisha kuuficha, mwaka mzima somo hilo moja, na amelishika vizuri kuliko mtoto yeyote wa ile maternelle yenu alivyoshika shairi lake. Anauficha akila. Anauficha akilala. Mimi nilimchukulia nusu ya kidole, wewe umechukua mkono uliobaki.

Ilinichukua wiki mbili kumbembeleza. Hii hapa mikono yake, yote miwili. Ule wa kuume aliuondoa upesi, utauona. Nakurudishia na karatasi ya Abigaïl, maana mama yake ni wewe. Zibandike pamoja.

Chisanga

* * *

Lubumbashi, tarehe 7 Julai 2024

Mdogo wangu Chisanga,

Mungu asifiwe. Barua yako ilifika, tunashukuru kusikia mko wazima. Huku baridi ni kali mwaka huu, nimewatolea watoto blanketi za juu ya kabati. Pierre ana safari ya kikazi, tuombeeni.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya kumaliza maternelle. Watoto walivaa majoho meusi na kofia kama watu wa chuo kikuu, na Abigaïl aliitwa wa pili. Nililia sana. Septemba anaingia première kwa watawa, walimchukua bila hata kumuuliza swali. Karatasi yake ya mikono nimeitia kwenye fremu, iko sebuleni. Ile nyingine Pierre aliitazama muda mrefu, halafu akaiweka ndani ya droo. Unajua wageni, wangeuliza maswali.

Abigaïl anauliza kila asubuhi Mwape yuko wapi. Nimemwambia yuko shuleni.

Mimi sina kinyongo, wewe ni damu yangu, na maneno ya hasira nayasahau upesi. Ila Fils ananitesa. Amezoea mgongo, hataki kulala chini, na mimi mgongo wangu si wa kazi hiyo. Kama unamwona hapo Kambove msichana wa miaka saba au minane, mpole, asiyekohoa, na mikono yake mizima, mpakie kwa Dédé kabla ya Septemba. Mwambie mama yake asiwe na wasiwasi. Mwambie tutamwingiza shule.

Yaya wako akupendaye,
Jeanne